Somo la Ijumaa: Elimu ya Binti, Udugu wa Damu na Afya ya Wajukuu

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Mwislamu. Karatasi hii uliyopewa mlangoni usiisome wakati imamu yuko juu ya mimbari. Ikunje, itie mfukoni, uisome nyumbani baada ya chakula. Na kama mama wa watoto hajui kusoma, msomee kwa sauti. Somo la leo linamhusu yeye kuliko linavyokuhusu wewe.

Tunauliza swali moja. Katika parsela moja hapa Kindu wamezaliwa ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja. Wamekua, wameoa na kuolewa, wanaoga mto uleule wa Lualaba, wanakula mchele na sombe ileile. Miaka 20 baadaye, kwa huyu watoto wote watano wako hai, na kwa yule wamezikwa wawili. Kwa nini? Uhai na mauti viko kwa Allah (S.W.T.), hilo hatulijadili. Tunauliza juu ya zile sababu ambazo Yeye mwenyewe ameziweka mikononi mwetu na atatuuliza tulizifanyia nini.

Nianze nyumbani kwetu, nisionekane nawanyoshea wengine kidole. Mimi ninayeandika nilisoma kwa sababu dada yangu hakusoma. Alikuwa darasa la nne. Mama alijifungua mtoto wa sita akawa mgonjwa, na baba akasema: minervali ya wawili siiwezi, na mtoto mchanga anataka mtu wa kumbeba. Dada akatoka shule. Hakuna aliyelia, hata yeye mwenyewe. Lilikuwa jambo la kawaida kama mvua. Akambeba mdogo wetu mgongoni, akateka maji, akatwanga, akapika, na kila jioni nikirudi aliniuliza: leo mmesoma nini? Nilimwona ananisumbua.

Akaolewa na miaka 16. Mtoto wake wa pili alishikwa na kuhara. Akampeleka kituo cha afya, wakampa vidonge na pakiti za unga wa kuchanganya na maji, wakamweleza haraka haraka, Kifaransa ndani ya Kiswahili. Dada akaitikia ndiyo kwa kila neno, kwa kuwa aliona haya kusema hakuelewa. Maelezo yote yalikuwa yameandikwa juu ya pakiti. Alipofika nyumbani akamimina pakiti nzima katika kikombe kimoja cha chai. Mtoto akaonja, akatema, akatapika. Mama mkwe wake akasema dawa ya hospitali imemkataa mtoto, apewe ya miti. Siku ya tatu tulikwenda makaburini. Mimi wakati ule nilikuwa nimekwisha maliza sekondari. Niliikuta ile pakiti dirishani, nikasoma: lita moja ya maji.

Sisemi kwamba kusoma kungemrudisha. Nasema tu kwamba ndani ya ukoo wetu elimu ya kusoma neno lile ilikuwako. Lakini ilikuwa kwangu, na mtoto alikuwa kwake.

Je, tulifikaje hapa? Usidhani babu zetu wa Maniema hawakujua kalamu. Kabla Mbelgiji hajafika, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Nyangwe, Kasongo, Ujiji na Unguja. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, zikapigwa chapa mwanzoni mwa karne ya 20. (Tusijisifu kupita kiasi: mali iliyopita njia ile ilikuwa pembe na watu, na wengi wetu tunaojiita Waungwana ni wajukuu wa waliofungwa kamba.) Kisha vita vikaja. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa nne mwaka uleule, na utawala wa Waarabu na Waungwana ukaisha.

Baada ya vita, nani alipewa kazi ya kusomesha? Tarehe 26 Mei 1906 serikali ya mfalme Léopold ilitia sahihi mkataba na Vatikani: misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Kwa miaka karibu 50 iliyofuata, kusoma shule ya Kizungu katika Kongo kulikuwa, karibu kila mahali, kusoma kwa mapadri au kwa wapastori. Masomo na katekisimu vilikwenda pamoja. Wazee wetu walitazama, wakasema: mtoto wangu ataingia Hamisi, atatoka Joseph. Wakawaweka watoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na chuo hicho serikali haikukihesabu kuwa shule wala haikukisaidia kwa faranga.

Hofu yao haikuwa ya bure, na hatuwalaumu. Lakini tazama ilivyozaa. Aliyepita misheni akawa karani, akawa mwalimu, akawa mwuguzi. Na hospitali mara nyingi ilijengwa kiwanja kimoja na kanisa, kama kule Tunda kwa Wametodisti. Mlango wa shule na mlango wa dawa ukawa mlango mmoja, na babu zetu walisimama nje yake. Serikali ya kikoloni ilianza kufungua shule zake zisizo za misheni kwa watoto wa Kikongo mwaka 1954, imebaki miaka sita tu kufika uhuru. Nchi nzima, iliyo kubwa namna hii, ilifika 1960 ikiwa na Wakongo waliohitimu chuo kikuu wasiozidi 30, na daktari hata mmoja hakuwemo. Ikiwa hali ya wote ilikuwa hiyo, Mwislamu wa Maniema alikuwa nyuma ya mkia. Na nyuma ya Mwislamu mwanamume alikuwa dada yake.

Hapa tusimame kidogo kwenye sira. Baada ya vita vya Badri, wapokezi wanatueleza, mateka wa Kikureishi wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliambiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika, kisha awe huru. Mateka wale walikuwa washirikina, tena maadui wa juzi tu. Mtume (S.A.W.) hakuogopa kwamba herufi zitawatoa watoto wa Ansari katika dini. Alitofautisha kati ya kalamu na mkono ulioishika. Na katika nyumba yake mwenyewe, mkewe Hafsa (R.A.) alifundishwa kuandika na mwanamke, Shifaa bint Abdullah. Kwa hiyo anayesema binti wa Kiislamu hana haja ya kusoma, atuambie amelitoa wapi.

Na sisi wa leo hatuna tena hata ule udhuru wa babu zetu. Shule za mkataba za Kiislamu zipo. Shule za serikali zipo. Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ni bure, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2019 serikali ikaanza kulitimiza neno hilo katika shule zake. Madarasa yalijaa mpaka watoto wakakaa chini, na walimu walilalamika kwa haki, lakini mlango ulifunguka. Sekondari bado inalipiwa, na hapo ndipo binti anapotolewa siku hizi. Zamani ilikuwa darasa la nne. Sasa ni mwaka wa kwanza au wa pili wa sekondari, wakati kifua kinaanza kuonekana na wachumba wanaanza kupita barabarani.

Sasa utauliza: shule inahusiana nini na kuhara? Darasani hawagawi dawa.

Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Australia, John Caldwell, aliandika juu ya watoto wa Nigeria, katika nchi ya Wayoruba. Aligundua jambo lililowashangaza wengi. Hata pale ambapo hospitali ni ileile na kazi ya baba inafanana, watoto wa mama aliyesoma walikufa wachache kuliko watoto wa mama asiyesoma. Si fedha peke yake, basi, wala si umbali wa hospitali peke yake. Wengine wakaja nyuma yake wakahesabu dunia nzima. Mwaka 2010 ilitangazwa hesabu ya nchi 175: tangu 1970 hadi 2009 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua, na kati ya vifo milioni 8.2 vilivyoepukwa, milioni 4.2, yaani zaidi ya nusu, vilihesabiwa kuwa ni kwa sababu wanawake walisoma zaidi. Hesabu nyingine ya 2021 ilisema kila mwaka mmoja wa shule alioupata mama unapunguza hatari ya kifo cha mtoto wake kwa asilimia 3 hivi. Na wa baba? Asilimia 1 na nusu hivi. Basi baba naye anahesabiwa, asikae pembeni akidhani somo hili ni la wanawake, ila shule ya mama ina uzito karibu mara mbili ya shule yake.

Kwetu nyumbani, uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika nchini mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 104 hawafikishi miaka mitano. Mmoja katika kumi. Geuka utazame safu unayosali ndani yake, uhesabu. Na akina mama walikuwa wanafariki kwa uzazi 846 katika kila vizazi hai 100,000. Hizo ni hesabu za nchi nzima, na Maniema ni sehemu yake.

Ni nini hasa alichokipata binti pale darasani? Amejifunza kusoma namba: nusu kidonge mara mbili si sawa na vidonge viwili mara moja. Amejifunza tarehe, kwa hiyo fishi ya mtoto ikiandikwa arudi tarehe fulani kwa chanjo, anarudi. Lakini zaidi ya hayo, na hili ndilo Caldwell alilolisisitiza, amejifunza kutomwogopa mtu mwenye kalamu. Ameketi mbele ya mwalimu miaka minane, ameulizwa, amejibu, amekosea, amesahihishwa. Akifika kwa mwuguzi anaweza kusema: sijaelewa, nieleze tena. Dada yangu hakuweza kulisema neno hilo. Kinywa alikuwa nacho, ila hakuna aliyemzoesha.

Tena, binti akiwa shuleni hajaolewa bado. Sheria ya nchi ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, na ile ya familia iliyorekebishwa 2016, zimeweka ndoa miaka 18 kwa wote wawili. Wako wanaonung'unika juu ya hilo. Mimi nawaomba waende wodi ya uzazi wamwone msichana wa miaka 15 ambaye nyonga zake hazijakomaa, uchungu siku mbili, mtoto amefia ndani, na yeye anabaki akivuja mkojo maisha yake yote mpaka mume anamrudisha kwao. Kisha warudi tuzungumze.

Sasa nikurudishe karibu, Kasongo, katika jimbo letu hili hili. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerpen walifanya kazi pale pamoja na Wakongo, wakajenga vituo vya afya kuizunguka hospitali, mfumo ambao baadaye ulisaidia kuzaa zoni za afya tulizonazo leo nchi nzima. Maniema ina 18. Walichanja watoto surua, wakawafuata. Mwaka 1981 wakatangaza waliyoyaona: waliochanjwa walikufa wachache. Lakini waliuliza swali zito. Je, mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua, akirudi nyumba ileile yenye njaa ileile, si atachukuliwa baadaye na kuhara au homa? Wataalamu wengine walibishana nao, wakaonyesha kwamba faida ya chanjo ni kubwa kuliko walivyodhani, kwa hiyo asitokee mtu kulitumia swali la Kasongo kukataa chanjo. Mtoto wa miezi tisa apelekwe akachanjwe surua, na kipimo cha pili akipate. Ila swali lenyewe ni la kweli. Sindano inamlinda mtoto na ugonjwa mmoja. Anayemlinda na yote mengine ni yule anayelala naye mkeka mmoja.

Na jambo hili haliishi kwa mtoto. Kule Guatemala, Amerika ya Kati, kuanzia 1969 mpaka 1977 wataalamu walichagua vijiji vinne. Viwili wakawapa watoto uji wenye nguvu, unaitwa atole. Viwili wakawapa kinywaji kitamu chepesi tu. Wakaondoka. Walipowatafuta watoto wale baada ya miaka mingi, wakawakuta watu wazima. Wavulana waliokunywa uji kabla ya kufikisha miaka mitatu walikuwa wanapata ujira mkubwa zaidi kwa kila saa ya kazi. Wasichana walikuwa wamesoma darasa moja na zaidi kuliko wenzao. Na wasichana hao walipozaa, watoto wao walizaliwa na uzito mkubwa zaidi. Fikiri: kikombe cha uji alichokunywa bibi akiwa mtoto kimeonekana mwilini mwa mjukuu. Ule uchunguzi wetu wa 2013 na 2014 ulikuta watoto 43 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa kimo. Mtoto aliyedumaa hashiki vizuri masomo, anarudia darasa, baba anachoka kulipa. Akiwa msichana anaolewa mapema na mwili mdogo, anazaa mtoto mdogo, na mlolongo unaanza upya. Ugonjwa hapo unarithiwa kama jembe, hata kama haumo katika damu.

Mpaka hapa nimesema elimu. Nije kwenye udugu, maana bila udugu somo hili ni nusu.

Katika Surat An-Nisaa, mwanzoni kabisa, tunaamrishwa kumcha Allah na kuwachunga jamaa wa tumbo. Sisi watu wa Maniema udugu tunaujua. Mtoto wa dada yako ni wako. Mtu hafi njaa wakati mjomba wake yuko hai. Na wataalamu wamelipima hilo pia. Katika vijiji vya Gambia, vya Waislamu kama sisi, daktari mmoja Mwingereza aliandika kila aliyezaliwa na kila aliyekufa kuanzia 1950 kwa miaka zaidi ya 20. Wengine walipozisoma daftari zile na kutangaza matokeo mwaka 2002, waliona mtoto ambaye bibi mzaa mama yake yuko hai anapona zaidi akiwa katika umri wa kuanza kutembea. Na aliye na dada mkubwa naye anapona zaidi. Kuwako kwa baba hakukuonyesha tofauti kubwa. Akina baba, tusikasirike. Tuliomo msikitini tunajua nani huamka usiku.

Dada mkubwa! Nilipolisoma hilo nilinyamaza muda. Kwa hiyo baba yetu hakukosea aliposema mtoto anataka mtu wa kumbeba. Mdogo wetu yule yuko hai leo, ana watoto, na kwa sehemu, baada ya rehema ya Allah, ni kwa mgongo wa dada yangu. Ukoo ulimwokoa mtoto wa sita kwa kumchukua darasani mtoto wa pili. Na deni lile lililipwa na mtoto wa dada. Hapo ndipo udugu wetu unapotudanganya: unaona mtoto aliye mbele, hauoni yule ambaye bado hajazaliwa.

Mzigo ule ungeweza kugawanywa. Mimi nilikuwa na mgongo vilevile. Shangazi alikaa avenyu ya pili. Mama mdogo alikuwa ng'ambo, Alunguli, mtumbwi mmoja tu. Lakini hakuna aliyeitisha kikao. Tazama jinsi tunavyokutana kwa matanga: mtu akifa, kabla ya jua kuchwa ukoo umekaa, daftari limefunguliwa, kila mmoja ametaja anachotoa, sanda imepatikana, mchele umepatikana. Hebu niambie, ni lini mara ya mwisho ukoo wako ulifungua daftari kwa sababu binti wa marehemu kaka yako amekosa minervali ya muhula wa pili? Akina mama wa soko wana likelemba zao, kila wiki mmoja anapokea. Likelemba ya ndugu saba, kwa ajili ya wasichana wa ukoo tu, inashindikana wapi?

Kuna jambo lingine zito, nalo ni neno. Nani ana neno nyumbani kwako mtoto anapowaka moto saa nane ya usiku? Baba yuko kwenye machimbo, Kalima au Salamabila, miezi mitatu. Mama amesoma, anajua hii ni malaria, anajua mtoto anatakiwa hospitali sasa. Lakini ufunguo wa sanduku uko kwa mama mkwe, na mama mkwe anasema tungoje asubuhi, au tumngoje mwenye mtoto apige simu. Hapo diploma ya yule mama ina faida gani? Tumemsomesha halafu tumemfunga mdomo. Wewe unayesafiri, kabla ya kupanda pikipiki sema mbele ya watu wote wa parsela: mtoto akiugua, mama yake asiningoje, na fedha hii ndiyo ya hospitali, isiguswe kwa jambo lingine. Maneno hayo hayachukui dakika mbili.

Wala usimfanye mama mkwe kuwa adui. Yeye ndiye bibi, na mikono yake imelea wengi. Mama mkwe wa dada yangu hakuwa mbaya, alifanya alilolijua. Siku ya kupima watoto mpeleke naye kituoni, akae benchi, asikie kwa masikio yake mwuguzi anavyoeleza. Akifahamu yeye, parsela nzima imefahamu, maana neno lake linasikilizwa kuliko redio. Afundishwe hili leo jioni, na wewe pamoja naye. Mtoto akihara na pakiti hakuna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, mpe kidogo kidogo baada ya kila choo, na maziwa ya mama yasikatwe. Ukiwa na pakiti, ni pakiti moja kwa lita moja. Akilegea, macho yakiingia ndani au damu ikionekana, usingoje asubuhi. Na mjamzito anayekaa Alunguli, akiwa ameambiwa azalie upande huu wa mto, asingoje uchungu ndipo atafute mtumbwi gizani. Avuke mapema, akae kwa ndugu. Udugu ni wa siku kama hizo.

Siwezi kuacha habari ya mjane. Mume akifa, wengine wetu tunaingia parsela siku ya arobaini tukihesabu mabati. Aya za mirathi zimemwekea mke fungu lake na mabinti fungu lao, kwa hesabu iliyo wazi, na sisi tunaosali safu ya mbele ndio tunaozifunika kwa jina la desturi. Mjane akitolewa, watoto wanatoka shule wiki ileile. Baada ya mwaka utawaona sokoni wakibeba mizigo, na baada ya miaka kumi utamwona binti yake pale wodini tulipotaja.

Na mama ambaye wakati wake umepita? Haujapita. Wengi wa akina mama zetu wamesoma Kurani chuoni, wanazijua alifu na be, macho yao yamekwisha kuzoea kwamba alama ni sauti. Mtu wa namna hiyo si mgeni wa kusoma. Herufi za Kilatini ni chache, na namba ni kumi tu. Kijana wako wa sekondari akae naye baada ya alasiri, nusu saa, aanze na fishi ya mtoto na karatasi ya dawa, si na vitabu vya hadithi. Dada yangu alianza hivyo akiwa amepita miaka 40. Alinikasirikia mara nyingi, akatupa kalamu mara mbili.

Sasa anakaa na mjukuu wake wa kike, yuko mwaka wa tatu wa sekondari. Minervali yake tunailipa ndugu watano, kila mmoja mwezi wake, na jina la anayechelewa linatajwa mbele ya watu. Fishi za watoto wote wa parsela ziko ndani ya mfuko wa plastiki, zimening'inizwa ukutani, na mtoto yule ndiye anayezisoma tarehe. Jioni akirudi, kabla hajavua yunifomu, bibi yake humwita akae juu ya mkeka, amwulize: leo mmesoma nini? Na hamwachilii mpaka amweleze akaelewa.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.